Choya ya Mama Mezani pa Bwana

Mdogo wangu Elia,

Shikamoo uliyoiandika juu ya barua yako nimeipokea. Marahaba. Uniwie radhi kwa kimya changu. Barua yako ilinifikia msimu uliopita, miwa ya kwenu Ruhembe ilipokuwa inaanza kukatwa, nami ninakujibu sasa, msimu mwingine unapoanza. Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa na kazi nyingi; mwalimu mstaafu hana kazi nyingi. Nilichoka tu. Nilikuwa nikikaa mezani, nikiweka karatasi na kuandika jina lako, kisha nikiona aya zote ulizoniandikia zimejipanga zikinisubiri, basi naiweka kalamu chini.

Ulinitaka nikuonyeshe aya moja inayoagiza mtoto mchanga abatizwe. Ukataka nyingine inayoruhusu maji yamwagwe kichwani badala ya mtu kuzamishwa. Ukataka nyingine tena inayowapa wazee wa baraza mamlaka ya kumtenga mtu ambaye hakuiba wala hakuzini. Ninazo za kukujibu. Unajua kwamba ninazo, nami najua utakavyonijibu, nawe unajua nitakavyoyajibu majibu yako. Tumeshafanya hivyo mara nyingi, na kila mmoja wetu huondoka na ushindi wake mfukoni.

Lakini chini kabisa ya barua, baada ya jina lako, ulikuwa umeongeza kwa herufi ndogo: "Mama anaendeleaje?" Barua hii inajibu swali hilo. Mengine nimeyaacha.

Utaona kwamba bahasha haikugundishwa. Nimeituma kwa mkono wa mama mmoja anayepeleka nyanya Mikumi, naye atampa mtu wa kukufikishia Ruhembe. Yeyote atakayetaka kuisoma njiani na aisome. Watu wa usharika wetu wamesema juu yetu miaka mingi bila kusoma chochote, na watu wako vilevile. Ni afadhali sasa waseme wakiwa wamesoma. Ningeweza kukupigia simu kutoka kibanda kimoja hapa sokoni, lakini mwenye kibanda hukukazia macho na kutazama saa yake kila mara, na mambo ya Mama hayasemwi kwa kupimiwa dakika.

Mama hajambo kwa kadiri ya umri wake, yaani anaumwa. Miguu imevimba, na hatoki kitandani ila kwa kushikwa. Anakula uji, tena kwa kugombezana na shemeji yako. Akili yake ni nzima na ulimi wake ni mzima zaidi. Juzi alikipokea kikombe cha uji, akaonja, akauliza, "Huu umepikwa, au umeonyeshwa moto tu?" Shemeji yako akaurudisha jikoni. Unamjua Mama.

Kwa kuwa hawezi tena kwenda kanisani, Mchungaji wetu humletea Meza ya Bwana nyumbani. Ni kijana, ana adabu, hupiga magoti sakafuni kando ya kitanda na suruali yake safi. Mwanzoni Mama alishiriki. Tangu Pasaka amekataa. Siku ile alikitazama kikombe, akaweka mkono wake juu yake taratibu, akasema, "Baba Mchungaji, kirudishe. Nitakunywa mwanangu mwingine akija." Mchungaji alinitazama mimi. Mimi nilitazama dirisha.

Mwezi uliofuata akakataa tena. Na uliofuata. Elia, Mama yule hakuwahi kuikosa Meza ya Bwana hata siku moja tangu tulipokuwa watoto Rudewa, isipokuwa alipojifungua. Sasa anaelekea mwisho wa safari yake, naye anakwenda na kiu kwa hiari yake. Hiyo ndiyo hali yake. Hilo ndilo jibu la swali lako.

Sasa ni lazima nikurudishe nyuma kidogo, kwa sababu nimejua jambo ambalo wewe hulijui, nami sikulijua mpaka juzijuzi.

Nadhani unaikumbuka Rudewa kuliko mimi, ingawa mimi ni mkubwa, kwa maana wewe ulikuwa mtoto wa kukumbuka. Baba alikuwa amekuja kutoka Kigoma kama manamba, akakata mkonge mpaka mikono yake ikawa haihisi tena miiba. Mama alikuwa Msagara wa palepale. Waliongea Kiswahili kati yao kwa sababu hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja, na labda ndiyo maana mimi nilikipenda Kiswahili mapema na kukionea wivu kinapovunjwa. Jumapili tulikaa sote katika lile banda lililokuwa kanisa la shamba, na mwinjilisti wetu mzee alitufundisha wewe na mimi kusoma Biblia. Alikuwa na sharti moja. Mtoto akikimbilia mstari anaoutaka, alimpiga kofi jepesi la kisogo na kusema, "Anzia juu." Juu ya sura. Hukuruhusiwa kuusoma mstari mpaka uwe umeyasoma yote yaliyoutangulia. Wewe ulikuwa ukilia kwa hasira, kwa kuwa ulikuwa umeshaukariri mstari na ulitaka tu kuusema.

Baadaye nilipopangiwa kufundisha Munisagara, ulikuwa ukija kwa treni siku za Jumapili. Nilikuwa nikikusubiri pale kwenye kituo, nawe unashuka umebeba Biblia yetu ndani ya shati ili isipate vumbi. Tulikuwa na Biblia moja kati yetu. Tulihubiri kwa zamu, wewe ukisoma na mimi nikieleza, na wiki ya pili mimi nikisoma na wewe ukieleza. Mzee mmoja wa pale alikuwa akisema kwamba akitusikia sote wawili anaweza kulala usingizi wakati mmoja anaposema, kwa sababu mwingine atayarudia yaleyale. Alikuwa anatutania. Lakini ilikuwa kweli. Tulisema yaleyale.

Kisha ikaja ile miaka ya foleni. Hilo huhitaji kukumbushwa. Duka la ushirika lilikuwa na rafu, na rafu zilikuwa na vumbi. Watu walipanga mstari tangu alfajiri wakisikia kwamba sabuni imeonekana. Divai ya Meza ya Bwana nayo ikaacha kuja. Mchungaji wa wakati ule, marehemu sasa, alisubiri, akaandika barua, akasubiri tena. Mwishowe alimwita Mama, ambaye wakati huo tulikuwa tumemhamishia hapa Kilosa, akamwambia, "Mama, naona uani kwako kuna choya." Mama akasema ipo. Mchungaji akasema, "Basi tuchemshie. Mungu anajua hali ya maduka yetu."

Mama aliyachuma mwenyewe maua yake mekundu, akayaanika, akayachemsha katika ile sufuria kubwa ya alumini yenye mfuniko uliobonyea. Aliichuja kwa kitambaa cheupe, mara ya kwanza, mara ya pili. Ilitoka nyekundu, safi, ikang'aa kama divai yenyewe. Jumapili ile alivaa kitenge chake cha harusi za watu. Alikaa benchi la mbele, yeye ambaye daima alikaa nyuma karibu na mlango.

Wewe ulikuwa umeajiriwa karibuni pale karakana ya reli. Ulipiga magoti madhabahuni kando yangu. Mkate uliupokea. Kikombe kilipokufikia, ulifunika mdomo wako kwa kiganja, ukatikisa kichwa. Mchungaji akasita, kisha akapita. Kanisa zima liliona. Nami niliona, nikakunywa changu, nikakuvuta nje ibada ilipokwisha.

"Una nini?" nilikuuliza.

"Kaka, Bwana alisema zao la mzabibu. Choya si zao la mzabibu."

"Na dukani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Basi tusinywe. Tusubiri."

"Tusubiri mpaka lini?"

"Mpaka Bwana alete mzabibu. Nionyeshe aya inayosema tukikosa tuweke kingine."

Mzee Lazaro, ambaye wakati ule alikuwa bado anashika bendera pale stesheni, alikuwa anapita na baiskeli yake. Alisema, "Akiuleta kwa reli, vijana wangu, mtausikia umeshushwa Morogoro." Akacheka peke yake, akaenda zake. Sisi hatukucheka. Tuliendelea pale mpaka jua likawa la utosi, wewe ukitaja aya, mimi nikitaja aya, nasi sote tukianzia juu ya sura kama tulivyofundishwa. Mama alikuwa ndani akiosha kikombe. Hakutoka.

Ndipo ilipoanza, Elia, ingawa wewe husema ilianza baadaye. Miaka ya ruksa ilipokuja na maduka yakajaa, divai ilirudi, nami nilidhani mambo yamekwisha. Nilikosea, kwa maana ulikuwa umeshaonja namna ile ya kuuliza. Ulipopunguzwa kazini na wenzako wa reli, na kaseti za wahubiri zikawa zinauzwa sokoni pamoja na mitumba, ulikaa nazo mchana kutwa. Swali la kikombe likawa swali la ubatizo. Ukaenda Ruhembe kulima miwa, ukazamishwa mtoni, kisha ukaanza kuwazamisha wengine, wakiwemo watu wa usharika huu waliobatizwa hapa tangu utoto wao. Baraza likakutenga. Barua ile ya kukutenga niliiandika mimi kwa mwandiko wangu, kwa sababu mimi ndimi katibu wa baraza. Sikujificha nyuma ya mashine ya chapa. Uliniuliza mara moja kama mkono wangu haukutetemeka. Haukutetemeka. Nilidhani ni haki, na nadhani hivyo hata leo.

Hayo unayajua. Sasa nikueleze usilolijua.

Asubuhi moja baada ya Mama kukirudisha kikombe kwa mara ya tatu, nilikaa kwenye kigoda kando ya kitanda chake. Nikasema, "Mama, kwa nini unaikataa Meza ya Bwana?"

"Siikatai. Nasubiri."

"Unamsubiri Elia."

"Ninyi ndio mliomfukuza."

"Hakufukuzwa, Mama. Ametengwa. Hayo ni mambo mawili."

"Mwalimu, mimi si mwanafunzi wako."

Alikuwa anatazama juu, pale kwenye kichanja ambapo ile sufuria kubwa imekaa siku zote imefunikwa kwa gunia. Unaikumbuka, ndiyo ile aliyokataa kuiazima hata kwenye harusi yako, mkeo mtarajiwa akanuna, nasi tukaomba ya jirani. Akauliza kwa sauti ya chini, "Bado anasema ilinuka?"

"Nini kilinuka?"

"Sufuria. Wiki ile tulikuwa na msiba kwa jirani, nikaipikia dagaa. Niliisugua kwa majivu, nikaisugua kwa mchanga, nikachemshia malimau. Mimi sikusikia kitu. Lakini yeye pua yake ilikuwa hivyo tangu mtoto, samaki akipita barabarani yeye anajua. Akaziba mdomo mbele ya watu wote."

Elia, ilinichukua muda kumwelewa. Kisha nikaelewa. Miaka yote hii, wewe na mimi tumekuwa tukishindana juu ya mamlaka ya Maandiko. Mama alikuwa hapo ndani akiamini kwamba mwanawe aliondoka katika Meza ya Bwana kwa sababu yeye, mama yake, alimpelekea Mungu sufuria chafu.

Nilimwambia, "Mama, Elia hakusema neno juu ya sufuria. Alisema choya si zabibu. Imeandikwa zao la mzabibu."

Alinitazama kama anavyomtazama muuza mchele mwenye kipimo kilichobonyezwa. "Zabibu?"

"Ndiyo."

"Kilosa hii? Mwaka ule? Tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni!"

"Ndivyo alivyosema, Mama."

"Na wewe ukamjibuje?"

"Nilimjibu kwa aya nyingine."

"Hm." Akavuta shuka mpaka kidevuni. "Kwa hiyo si dagaa?"

"Si dagaa."

Nikafikiri amefarijika. Kisha akasema, "Una moyo mzuri, mwanangu. Siku zote umemsetiri mdogo wako."

Hakuniamini. Anadhani nimemtungia hadithi ya zabibu ili nimwondolee aibu. Kwake yeye haiwezekani watoto wake wawili, aliowanyonyesha na kuwapeleka shule, watengane kwa sababu ya mmea ambao hauoti Kilosa. Sababu ya dagaa anaielewa. Nilijaribu tena siku ya pili, nikamsomea sura yote, tangu juu. Alisikiliza kwa heshima, akaitikia amina, kisha akaniambia, "Akija akanywa, nitajua."

Nikadhani nimepata njia. Nikamwambia kwamba shemeji yako anaweza kuchemsha choya, nawe uje uinywe hapa chumbani kama kinywaji tu, bila Mchungaji, bila baraza. Mama akakataa palepale. "Choya ya kawaida alikuwa akiinywa tangu hana meno. Hakuikataa jikoni. Aliikataa Mezani. Na ainywe Mezani, na wewe ukiwa kando yake kama siku ile."

Sasa unaona nilipo. Mama anataka choya iliyochemshwa katika sufuria ile, ibarikiwe na Mchungaji, tunywe sote watatu. Mtu wa kwanza wa kumzuia ni wewe, kwa kuwa choya bado si zao la mzabibu. Wa pili ni baraza letu, kwa kuwa umetengwa na hujatubu. Wa tatu ni Mchungaji, ambaye ananiambia kwa upole kwamba wakati ule choya iliruhusiwa kwa sababu ya dhiki, na sasa divai iko dukani, imejaa rafu nzima. Kila mmoja wenu ana sababu iliyoandikwa mahali fulani. Mama peke yake hana.

Jumamosi iliyopita jambo hili lililetwa barazani. Nakuandikia yaliyosemwa, kwa sababu ni haki yako kuyajua.

Mchungaji alisema, "Wazee wangu, tuna mambo mawili: mtu na kikombe. Tuanze na mtu."

Mama Rehema, mtunza hazina wetu, alikuwa wa kwanza. "Mimi namheshimu yule bibi kama mama yangu. Lakini naomba nionyeshwe, imeandikwa wapi kwamba aliyetengwa anapewa Meza bila toba kwa sababu mama yake anaumwa?"

Mzee Lazaro, ambaye siku hizi hana bendera wala baiskeli, akainua fimbo yake. "Na imeandikwa wapi kwamba mama akiumwa, watoto wake wapigiwe kura?"

"Mzee Lazaro, tafadhali usitufanyie mzaha."

"Mzaha uko wapi, binti yangu? Umeuliza aya, nami nimeuliza aya. Elia tulimtoa hapa kwa kuuliza hivyohivyo. Sasa tumemrithi."

Watu wengine walicheka, wengine wakakunja uso. Mama Rehema alifungua Biblia yake, akasoma mahali panapoonya juu ya kunywa kikombe isivyostahili. Mtu mwingine akasoma mahali ambapo Bwana alikula na wenye dhambi. Mwingine akauliza kama wale wenye dhambi walikuwa wametubu kabla ya chakula au baada. Mwingine akasema haikuandikwa. Mama Rehema akasema ndiyo maana kuna taratibu za kanisa. Mzee Lazaro akasema taratibu hazikushuka Sinai. Nilikuwa nimeshika kalamu, nikajisikia kama mtu anayesikiliza kaseti aliyoirekodi mwenyewe.

"Katibu, umeandika?" Mchungaji aliniuliza.

"Niandike nini?"

"Andika kwamba hatujaafikiana."

Kisha wakataka nitoe maoni yangu. Nilisimama. Niliwaambia kwamba kama katibu nalijua sharti la kanisa, na sharti linasema hapana. Na kwamba kama mtoto wa Mama sina la kusema mbele ya baraza, kwa kuwa mama hajadiliwi na mwanawe mkutanoni. Nikakaa. Mama Rehema alifuta macho kwa ncha ya khanga. Usimdhanie vibaya, ni mtu mwema, na yeye ndiye anayemletea Mama maziwa kila asubuhi. Ilikubaliwa Mchungaji aende kwa mkuu wa jimbo kuomba ushauri, kisha baraza likutane tena na kuamua juu ya mtu na juu ya kikombe. Mpaka leo hajarudi. Barabara ni mbaya baada ya mvua, na mto Mkondoa ulikuwa umejaa.

Nimechoka, Elia. Sisemi kwamba nimeshindwa. Nikisema hivyo utaniletea aya za kunifariji, nami sizitaki. Mimi nami nilifundishwa kwamba Maandiko ndiyo yenye neno la mwisho. Hakuna siku niliyokataa hilo. Tofauti yetu ni kwamba wewe unadhani ukiisoma Biblia peke yako uwanjani, chini ya taa ya karabai, basi ni Biblia peke yake inayosema. Mimi nadhani katika sauti yako namsikia mwinjilisti wa Rudewa, nawasikia wahubiri wa zile kaseti, nasikia na hasira ya mtu aliyepunguzwa kazini baada ya kuitumikia reli vizuri. Sikulaumu. Katika sauti yangu wewe unasikia ubao na chaki na kamati. Hakuna kati yetu aliyewahi kusoma peke yake. Ningependa tungekuwa tumeliona hilo tukiwa bado na nguvu za kulifuatilia.

Nimesikia kwamba kijana uliyemfundisha wewe mwenyewe amejitenga nawe, amefungua mkutano wake upande wa barabara kuu ya Mikumi, karibu na pale malori yanapolala, na kwamba ana aya. Sikufurahi nilipoambiwa. Nilikuonea huruma, na nilijionea huruma mimi. Nimesikia pia kwamba katika Meza yenu mnatumia soda ya zabibu, kwa sababu divai inalevya. Mama wa nyanya aliniletea chupa tupu. Niliisoma karatasi yake yote. Kuna sukari, kuna rangi, kuna picha nzuri ya shada la zabibu. Zabibu yenyewe sikuiona. Silitaji hili ili kukushinda. Nalitaja kwa sababu kama mzabibu wa karatasi umeweza kufika Mezani penu kwa nia njema, labda kuna nafasi ndogo kwa ajili ya choya ya mama yako. Lakini hilo ni lako kulipima.

Sikuombi utubu. Hilo ni jambo la baraza, nalo litakuandikia kwa jina lake. Nakuuliza jambo moja tu kama ndugu yako: baraza likiruhusu, utakunywa? Nijibu kwa neno moja. Usiniandikie sura na mstari. Ukisema hapana, nitakuelewa kuliko mtu mwingine yeyote Kilosa atakavyokuelewa. Lakini basi uje umweleze Mama wewe mwenyewe habari za mzabibu, kwa kuwa mimi nimemweleza mara mbili na hajaniamini, na sitaki aondoke duniani akidhani mikono yake ilikuwa michafu.

Na baraza likikataa, nitakuandikia hapana hiyo kwa mwandiko wangu, kama nilivyoandika ile ya kwanza. Hutakuwa na haja ya kuuliza ni nani aliyeiandika. Hata hivyo, kuja kumwona Mama hakupigiwi kura. Pita kwa mlango wa uani, kama zamani. Shemeji yako anakusalimu, naye anauliza kama bado hutaki pilipili.

Choya ya mwaka huu imestawi kuliko kawaida. Mama aliagiza ichumwe yote. Imeanikwa kwenye mkeka chini ya dirisha lake, anaitazama akiwa amelala, na kuku wakikaribia anawafokea kwa Kisagara. Juzi alitaka sufuria ile ishushwe. Shemeji yako ameisugua mara mbili, na Mama akaiagiza irudishwe isuguliwe mara ya tatu. Sasa imefunikwa upya kwa kitambaa cheupe mguuni pa kitanda.

Nilipomwambia kwamba nakuandikia, aliniagiza niweke maneno yake kama alivyoyasema. Nayaweka: "Mwambie akifika, kabla hajanisalimu, ainuse kwanza mwenyewe."

Baraza likishaamua, iwe ndiyo au hapana, nitakuandikia siku hiyohiyo.

Ni mimi,
Kaka yako wa Kilosa